Taarifa Kuhusu Mstari Uliomezwa

Mwiko ulikwaruza chini ya sufuria, mara moja, mara mbili, kisha ukanyamaza. Alfajiri ilikuwa haijaingia. Upande wa pili wa ukuta Sikudhani alifumbua macho akasikiliza, kwa sababu mdogo wake akishakoroga mara mbili husimama kutafuta pumzi, na yeye hawezi kuinuka kitandani mpaka aisikie ya tatu. Ya tatu ikaja. Akapapasa miwani yake.

Mdogo wake aliitwa Mwanakheri. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiuza uji wa ulezi kwenye kona karibu na posta. Sufuria lake lilikuwa na kifuniko, na kifuniko kilifungwa kwa kamba kwenye mpini ili kisipotee. Mteja mwenye mafua alitiliwa tangawizi bila kuomba. Mwendawazimu aliyelala kwenye kibaraza cha posta alipata kikombe chake kabla ya wateja wote, na hakuna mteja aliyewahi kunung'unika, maana kona ile ilikuwa na watu wema.

Nchi yao nayo ilikuwa nchi nzuri sana. Wimbo wake wa taifa ulikuwa na beti kumi na nne, na kila wizara ilikuwa na wizara nyingine ya kuiangalia. Jina lake tuliache. Anayeijua anaijua.

Jumatatu hiyo, saa mbili asubuhi, Koplo Mbaruku alifika kwenye kona akiwa na kitabu kipya kwapani.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu. Leo umechelewa. Nikutilie?"

"Nitilie, lakini upesi, maana nimekuja kukukamata."

Akanywa akiwa amesimama. "Nikishakukamata," alieleza, "uji huu unakuwa kidhibiti, na kidhibiti hakinywewi."

Alipomaliza alijifuta midomo, akafungua Kitabu cha Sheria Ndogo za Jiji, ukurasa wa arobaini na sita, akasoma kwa sauti ya kazini: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuuza uji mahali popote jijini."

"Hata wenye kifuniko?" aliuliza Mwanakheri.

"Kifuniko hakikutajwa, mama. Nimekitafuta, wallahi. Nimefunua mpaka ukurasa wa arobaini na saba, na huko wanaanza habari za mbuzi."

Akalibeba sufuria mwenyewe hadi kituoni, kwa sababu alijua mama huyu kifua chake hakiwezi mizigo. Njiani alisimama mara tatu ili mama apumzike.

*

Sikudhani alizipata habari akiwa kazini. Alikuwa mpangaji wa kurasa katika ofisi ya Mpiga Chapa wa Serikali. Miaka thelathini na moja nyuma alianza na herufi za risasi, akizipanga moja moja kwa vidole, na sasa alikuwa na kompyuta na programu iitwayo Nguzo. Ukurasa wa arobaini na sita aliupanga yeye. Alikumbuka vizuri kwamba baada ya neno "jijini" palikuwa na mstari mmoja zaidi: "katika chombo kisicho na kifuniko."

Akafungua kompyuta. Mstari upo. Akachapa ukurasa. Mstari haupo. Akachapa tena, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto ameze dawa. Haupo. Akachukua kitabu kizima akakipitia, na kila ukurasa aliokuta ulikuwa umekatwa mguu. Nguzo ilikuwa imemeza mstari wa mwisho wa kila ukurasa, kurasa mia mbili na kumi.

Ndipo alipoelewa mambo ya wiki ile. Ukurasa wa tisa ulisema, "Diwani akiingia ukumbini, wananchi wote watasimama," na maneno "mpaka atakapoketi" yalikuwa yamekwenda. Kwa hiyo katika ukumbi wa kata watu sabini walikuwa wamesimama tangu Alhamisi iliyopita. Wake zao waliwapelekea chakula, na mzee mmoja alikuwa akiegemezwa ukutani na majirani kwa zamu. Diwani aliketi, akafunga mkutano, akaenda zake nyumbani, akiwasifu kwa heshima yao. Ukurasa wa themanini ulisema, "Wazazi wote watawaacha watoto wao," bila "shuleni kabla ya saa mbili," na Afisa Elimu, mtu mtiifu mno, alikuwa amewaacha wanawe wanne kwa shangazi yao na kutoa taarifa ya utekelezaji.

Sikudhani alimwendea mkuu wake, Mpiga Chapa Mkuu, na kurasa mbili mkononi.

"Nguzo ilizinduliwa na Waziri mwenyewe," alisema Mpiga Chapa Mkuu bila kuzigusa. "Kwa utepe na mkasi. Kitu kilichokatiwa utepe hakina hitilafu."

"Basi tuchape karatasi moja ya masahihisho."

"Masahihisho yanahitaji kosa, Sikudhani. Na kosa, ili liwe kosa, lazima Idara ilipokee. Nenda Idara."

Jioni hiyo alipitia mahabusu. Kesi ilikuwa imepangwa Ijumaa, na adhabu yake ilijulikana: miezi sita. Chumba kilikuwa na ukuta unaotoka maji. Askari magereza wa zamu, Bi Zubeda, alikuwa amemsogezea Mwanakheri mkeka mpaka mlangoni, palipokuwa na upenyo wa hewa.

"Usihangaike, dada," alisema Mwanakheri, na kati ya neno na neno kifua kililia kama mlango mbovu. "Kama ni miezi sita, ni miezi sita."

Sikudhani alikihesabu kifua kile kwa masikio. Alijua hakitafika mwezi wa pili.

*

Idara ya Kupokea Hitilafu ilikuwa na ghorofa sita, na zote zilikuwa za kupokea. Kurekebisha kulikuwa chini ya wizara nyingine, ambayo ilikuwa haijaundwa bado. Mlangoni palikuwa na foleni ya watu wenye makaratasi. Mlinzi alipomwona Sikudhani ana mvi, alimpa kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama asubuhi nzima huku akijifanya anapenda.

Ndani alipokelewa na karani aliyeitwa Hidaya, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, aliyempa fomu.

"Swali la kwanza, mama. Je, kuna mtu aliyewahi kuripoti hitilafu hii?"

"Sijui, mwanangu."

"Ukisema yuko, taarifa yako ni marudio, inatupwa. Ukisema hayuko, maana yake unaiona wewe peke yako, unapelekwa kupima macho." Hidaya akatazama kushoto na kulia. "Andika 'huenda'. Neno hilo halina ofisi inayolishughulikia."

Akaandika huenda.

"Swali la pili. Ulitegemea nini?"

"Nilitegemea mstari uonekane."

"Usiandike hivyo. Mwaka jana mzee mmoja aliandika kwamba alitegemea maji yatoke bombani, akaulizwa ni nani aliyemruhusu kutegemea. Andika hukutegemea chochote, ila ulishangaa kidogo."

Akaandika. Akafika chini ya fomu, akaigeuza, akairudisha.

"Mwanangu, mahali pa kueleza hitilafu yenyewe ni wapi?"

Hidaya akashusha sauti zaidi. "Palikuwa mstari wa mwisho, mama. Fomu hizi nazo huchapwa na Nguzo."

Na hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Idara. Kwenye ukuta, ndani ya fremu ya dhahabu, paliandikwa kwamba tangu Nguzo izinduliwe miaka mitatu iliyopita, haijapata kuelezwa hata hitilafu moja.

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Mkurugenzi Mkuu, Bwana Kilindo, mtu aliyenyooka kama rula, na kalamu nne mfukoni. Alikuwa ameandika Mwongozo wa Kuripoti Hitilafu, kitabu cha kurasa mia tatu, ambacho kilipata tuzo kwa ufupi wake.

"Bibi," alisema, "taarifa nzuri ya hitilafu ina adabu. Haimlaumu mtu. Haina hadithi ndani yake. Na zaidi ya yote, ina mfano mdogo kabisa. Umeleta nini?"

Sikudhani akampa kitabu kizima.

"Kurasa mia mbili na kumi," alisema Bwana Kilindo kwa huzuni, kama daktari aliyeona kidonda. "Serikali haiwezi kutazama kurasa mia mbili na kumi. Punguza. Toa kila kisichohitajika, toa, toa, mpaka ufike mahali ambapo ukitoa kitu kimoja zaidi hitilafu inatoweka. Hapo ndipo unirudie."

"Mheshimiwa, mdogo wangu yuko ndani, na ana pumu. Ijumaa ni kesi."

"Mdogo wako anahitajika ili hitilafu ionekane?"

Sikudhani alifikiri kwa uaminifu, maana ndivyo alivyokuwa. "Hapana."

"Basi mtoe."

Hidaya, aliyekuwa nyuma ya mkurugenzi, aliinamisha uso. Sikudhani alipopita mezani pake kutoka, alikuta amewekewa kikombe cha maji.

*

Jumatano alirudi na ukurasa mmoja. Bwana Kilindo aliupima kwa rula.

"Mistari arobaini. Una haja ya mbuzi?"

"Mbuzi ni ukurasa unaofuata, mheshimiwa."

"Sawa, nimekupima. Punguza."

Siku hiyohiyo mchana akarudi na mistari kumi. Akaambiwa apunguze. Akarudi na mitano. Akaulizwa kama anaichezea serikali. Alikwenda na kurudi kwa miguu, na kila alipopita mahabusu alisimama dirishani, na Bi Zubeda alimwambia bila kuulizwa: "Amelala kidogo," au "Leo amekunywa chai."

Alhamisi asubuhi alikaa mbele ya kompyuta akafikiri kama mtu anayekata kitambaa kilichobaki kidogo. Nguzo inameza mstari wa chini. Basi ukurasa mdogo kuliko yote ni wenye mistari miwili ya maneno, mmoja wa kubaki na mmoja wa kumezwa. Juu akaacha kichwa, "Sheria Ndogo za Jiji", kwa kuwa kichwa ni mali ya serikali na hakitolewi. Chini yake akapanga mstari wa kwanza: "Ni marufuku". Mstari wa pili: "kuuza uji katika chombo kisicho na kifuniko." Akachapa.

Karatasi ikatoka. Ilikuwa imeandikwa: Sheria Ndogo za Jiji. Ni marufuku.

Akachukua karatasi nyingine, akaandika kwa mkono wake jinsi ilivyopaswa kuwa, akazibana pamoja kwa pini, akaenda.

Bwana Kilindo aliitazama ile iliyochapwa muda mrefu. Akaiweka mbali kidogo. Akavua miwani, akavaa tena.

"Hii," alisema taratibu, "ni taarifa."

"Mheshimiwa, ile ya mkono ndiyo inayoonyesha—"

"Ya mkono haina hadhi." Akachomoa pini, akaitupa ile ya mkono kapuni. "Miaka yote nimewafundisha watu kupunguza, na hakuna aliyefika hapa. Hakuna neno unaloweza kulitoa. Sikiliza, Hidaya. Ni marufuku. Hakuna jasho, hakuna uji, hakuna kifua cha mtu."

Akaigonga mhuri. Akaituma ikapite meza zote ili wafanyakazi wajifunze, na kila meza, kwa kuwa ilikuwa fupi na inasomeka kabla ya chai, ikaigonga mhuri wake. Ilipofika ghorofa ya sita ilikuwa na mihuri kumi na moja.

Sasa, katika nchi ile palikuwa na desturi ya zamani, isiyoandikwa popote. Karatasi yenye mihuri zaidi ya kumi ilipelekwa moja kwa moja kwenye Gazeti la Serikali, kwa kuwa haikufikirika kwamba watu wazima kumi wangegonga mihuri juu ya kitu ambacho si sheria. Na sheria mpya ikitoka, ile ya zamani ilichanwa siku hiyohiyo.

Ijumaa asubuhi Sheria Ndogo zote za jiji, kurasa mia mbili na kumi, zilichanwa. Mahali pake palikuwa na maneno mawili.

*

Saa moja Waziri alihutubia redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "mataifa makubwa yanahangaika na maelfu ya sheria. Sisi, kwa juhudi zetu wenyewe na bila msaada kutoka nje, tumekifikia kiini." Wasomi watatu wa chuo kikuu walifuata, wakakubaliana kwamba sheria ile ilikuwa na kina.

Saa mbili Koplo Mbaruku alisimama kwenye kona ya posta, akamtazama mtu aliyekuwa akifunga kamba za viatu.

"Ndugu, unajua ni marufuku?"

"Nini ni marufuku, afande?"

"Sijaambiwa. Twende."

Akamkamata mwenye kamba za viatu, na mwanamke aliyekuwa akivuka barabara, na aliyekuwa amesimama bila kuvuka. Mtu mmoja alijisalimisha mwenyewe kwa kuhofia anachokifikiria. Kufikia saa nne koplo alikuwa amekamata hamsini, ndipo ikamjia kwamba hata kukamata huenda ni marufuku. Akaketi kibarazani na mwendawazimu, wakanyamaza pamoja, na inasemekana hao ndio watu wawili waliopumzika vizuri zaidi siku ile.

Mahabusu walijaa mpaka uani. Bi Zubeda alipita na daftari, akasimama mlangoni kwa Mwanakheri.

"Wewe ulishtakiwa kwa kifungu gani?"

"Cha uji. Ukurasa wa arobaini na sita."

"Hakipo. Kimechanwa leo asubuhi." Akapiga mstari kwa kalamu. "Hakimu mwenyewe yuko kwenye foleni huko nje, amekamatwa akipanda ngazi. Ondoka, mama, kabla hawajakukamata kwa hii mpya. Pita mlango wa jikoni, na utembee polepole, usije ukahema."

Sikudhani alikuwa nje, akisubiri kesi ya saa tano. Alimwona mdogo wake akitokea upande wa jikoni na mkeka umekunjwa kwapani. Alimshika mgongo kwa kiganja, kati ya mabega, mahali anapomshika tangu wakiwa watoto, akasubiri mpaka pumzi ilipotulia. Kisha wakaenda nyumbani kwa njia ya nyuma, hatua ishirini na kupumzika, hatua ishirini na kupumzika.

*

Sheria ile ilidumu siku kumi na moja. Isingeondolewa kabisa kama gari la Waziri lisingesimamishwa. Waziri alipouliza ni nani aliyeruhusu, walihesabu mihuri kuanzia chini kwenda juu, na wa kwanza ulikuwa wa Bwana Kilindo. Akachukuliwa kutoka mezani pake, na kalamu zake nne.

Kisha Mpiga Chapa Mkuu aliagizwa kuchapa sheria za zamani upya, akamwita Sikudhani.

"Ile Nguzo," alisema akitazama dirishani, "haina hitilafu. Lakini je, kuna namna?"

Namna ilikuwepo, na Sikudhani aliijua tangu Jumatatu ile. Ila siku ile hakuna aliyemuuliza. Kila ukurasa, chini kabisa, aliongeza mstari mmoja usio na kazi, ili Nguzo ipate cha kumeza na iache sheria. Alifikiri sana aweke maneno gani. Mwishowe aliandika, kurasa zote mia mbili na kumi, "Kwa busara za Mheshimiwa Waziri." Kitabu kikatoka kizima, bila hata neno moja la Waziri. Wale watu sabini wakaketi. Watoto wa Afisa Elimu wakarudishwa kwao. Mwanakheri akarudi kwenye kona yake. Nguzo haikurekebishwa, na mwaka huo ikapewa nishani.

Bwana Kilindo alibaki ndani. Ili atolewe, ilibidi mtu aandike kwamba sheria ile ilikuwa kosa, na kosa lilipaswa kupokelewa na Idara, na Idara haikuwa na kosa lolote katika vitabu vyake.

"Dada," alisema Mwanakheri siku moja, "yule bwana wako wa kupunguza yuko pale nilipokuwa. Bi Zubeda ananiambia hajaletewa hata mswaki."

"Hana ndugu?"

"Anao. Wanaogopa."

"Huyo ndiye aliyesema nikutoe wewe," alisema Sikudhani.

"Najua. Lakini ule ukuta unatoka maji, dada."

Jumatano Sikudhani alikwenda. Alibeba mswaki, shuka moja zito, na mkate uliofungwa kwa kitambaa. Bwana Kilindo alikuwa amekonda. Alimtazama kupitia nondo kama anayejaribu kukumbuka fomu.

"Umekuja kunicheka."

"Nimekuja na mswaki."

Akaupokea. Akaugeuzageuza. "Kiti changu," alisema baada ya muda, "nani amekikalia?"

"Amekuja mwingine. Kijana wa Waziri."

"Anafuata Mwongozo?"

"Anasema Mwongozo ni mrefu. Siku hizi watu huingia, huinama, hutoka. Hiyo ndiyo taarifa."

Bwana Kilindo aliufikiria utaratibu ule, na kwa kitambo macho yake yalipata mwanga wa zamani. Kisha ukazimika. Aliuliza kama Hidaya yupo. Sikudhani akamwambia yupo, na kwamba ndiye aliyelifua lile shuka. Bwana Kilindo akalishika pindo lake.

"Huku ndani wananiita kwa namba," alisema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza namba, zamani, kwa wizara ya magereza. Ni fupi."

Muda wa kutembelea uliisha. Bi Zubeda alikuja mpaka mlangoni, akawaona, akageukia dirisha akaanza kutazama jambo lililokuwa nje, akalitazama kwa muda mrefu. Sikudhani alimega mkate, akampitishia kipande kati ya nondo, akamwambia ale sasa hivi kabla haujakauka. Alikula. Alikuwa na njaa kuliko alivyotaka ijulikane.

Sikudhani alipoinuka kuondoka, akijifunga khanga vizuri, alimsikia akikohoa nyuma yake, kikohozi cha kutafuta neno.

"Mama Sikudhani," alisema Bwana Kilindo. "Jumatano ijayo, utakuja tena?"